Vyuma Mdomoni Mwangu na Kikombe cha Mama Mkwe

Burungu, Jumamosi, saa nane mchana.

Mvua inanyesha tangu alfajiri na haina dalili ya kuchoka. Ng'ombe wa jirani wamesimama kwenye mteremko bila kusogea, na barabara ya chini imekuwa tope tupu. Nimejifungia chumbani na simu yenye chaji kidogo, kwa hiyo nitaandika haraka, na nitaandika yote.

Wiki nne sijaweka neno humu. Niliogopa kuandika nilichokuwa nafikiria. Nilifikiri mama mkwe wangu ananiua.

Basi, nimelisema.

Wanaonisoma wanajua kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia kwa furaha iliyozidi najiuliza anataka nini. Wanafunzi wangu wakinyamaza wote kwa pamoja nageuka kutazama ubao, nione nani ameandika nini nyuma yangu. Gratien, mume wangu, hunitania kwamba hata jua likitoka nataka kujua limetumwa na nani. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi kucheka kunanichana midomo.

Ni kwa sababu ya vyuma. Meno yangu ya mbele yalipandana tangu utotoni, na tangu utotoni nimecheka nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Gratien aliliona hilo siku ya kwanza tulipokutana kwetu Walikale, ambako anafanya kazi katika mgodi wa Bisie. Tulipooana hakuninunulia kitenge wala viatu, alinipeleka Goma kwa daktari wa meno. Daktari ni mama mmoja mpole mwenye vidole vyembamba. Alinibandikia vidude vya chuma jino kwa jino, akapitisha waya, akaufunga kwa vimpira, akaniambia nirudi kila mwezi aurekebishe. Nilirudi mara nne. Kisha vita vikafunga njia ya kuingia mjini, safari ya Goma ikawa haiwezekani, na nikabaki huku na waya wangu. Sasa ni mwezi wa saba, hakuna aliyeugusa.

Huku wanaviita apareyi. Wanafunzi wananiita Madamu Waya wakidhani sisikii.

Ninaishi na mama yake Gratien, Mama Yozefina, kwa sababu kule mgodini wanaume wanalala kambini na mke hana pa kuweka godoro. Mama amezaliwa kwenye milima hii. Analima maharagwe na viazi, ana ng'ombe watatu, na nusu ya kijiji wananunua kwake maziwa na mashanza, yaani maziwa ya mgando. Siku niliporudi na vyuma alinitazama mdomoni kwa muda mrefu, kisha akasema mbele ya majirani kwamba Mungu alipomuumba mtu hakusahau kumalizia mdomo. Wakacheka wote. Mimi nililiweka moyoni, kama ninavyoweka kila kitu.

Dalili zilianza polepole. Kwanza ilikuwa ladha: kila nilichokula kilikuwa na ladha ya msumari. Midomo ikaanza kukauka na kubabuka, ukaja muwasho kuzunguka mdomo, ndani ya mashavu vikatoka vidonda. Ufizi ukavimba ukawa mwekundu, nikipiga mswaki natema damu. Kwenye meno yenyewe, pembeni ya vile vyuma, nikaona madoa meupe ambayo hayakuwepo. Nikakonda. Sketi yangu ya kufundishia naishikilia kwa pini mbili.

Halafu nikagundua kwamba Mama ameacha kuonja.

Kwa asiyetoka huku nieleze. Ukimpa mtu kinywaji, unakunywa kwanza wewe funda moja mbele yake, ndipo unampa kikombe. Anajua hakuna kitu. Tunaogopa karuho, sumu ya polepole ambayo, kama watu wanavyosema, inamkausha mtu hadi aishe bila kujua aliipata wapi. Nyumbani kwa baba yangu tulionjeana sote. Mama yangu mzazi alinionjea uji mpaka siku niliyoolewa. Nilipofika Burungu, Mama Yozefina naye alikuwa akinionjea kila asubuhi, funda moja la mashanza, anajifuta mdomo, ananipa. Kisha siku moja akanipa kikombe moja kwa moja na kwenda kukamua ng'ombe. Kesho yake vilevile. Nilihesabu siku. Ilikuwa wiki ileile ladha ya msumari ilipoanza.

Mtu mwingine angeuliza. Mimi siulizi, mimi nachunguza. Nilianza kutazama mikono yake anapopika. Niliangalia kopo gani linakaa juu ya kabati na gani linakaa chini. Niligundua kwamba ananipikia sufuria yangu peke yangu, ndogo, mbali na yake, viazi vimepondwapondwa hadi havina umbo. Nilijiuliza kwa nini avipondeponde, kama si kuficha kitu ndani yake.

Nilimwambia mtu mmoja tu. Espérance anafundisha Kifaransa darasa la jirani na langu, na ndiye rafiki niliye naye hapa. Nilimwambia asimwambie mtu. Akaniapia, na jioni ileile akanipeleka kwa mama mmoja anayewatapisha watu sumu. Yule mama alininywesha maji ya majani machungu, nikatapika kwenye beseni mpaka machozi yakatoka. Akachokoachokoa kwa kijiti, akanionyesha kitu cheusi. Akasema kimetoka katika nyumba ninamokula. Hakutaja jina. Hakuhitaji, maana ninakula nyumba moja.

Nikampigia Gratien. Nilitaka aniambie kwamba nina wazimu, kweli nilitaka hivyo. Badala yake akasema:

"Usikule tena kwa mama. Mimi nitaongea na baba mudogo."

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba mkwe, na ndiye anayeamua mambo ya familia. Alikuja na wazee wawili wa kanisa wakamweka Mama kitako sebuleni. Mimi niliambiwa nibaki chumbani, hapahapa nilipo sasa. Nilisikia maswali yote. Majibu sikuyasikia, kwa sababu Mama hakujibu hata moja. Mwishoni baba mdogo akasema ni vizuri aende akapumzike kwa binti yake Bweremana, kando ya ziwa, mpaka mambo yatulie. Pikipiki imeagizwa Jumatatu asubuhi.

Anayeambiwa akapumzike kwa sababu ya karuho harudi. Kila mtu hapa analijua hilo, na mimi nililijua nikiwa nyuma ya mlango. Watu wameshaacha kununua maziwa yake. Wanawake wakimwona anakuja kisimani wanafunika madumu yao. Juzi vijana wawili walisimama mbele ya nyumba wakaiangalia tu, wakaenda zao. Sikuipenda namna walivyoiangalia.

Sasa sikiliza nilivyojikamata mwenyewe.

Tangu simu ile ya Gratien nimekula nilichopika kwa mikono yangu, siku ishirini na moja. Unga wangu, maji yangu, sufuria yangu naificha chini ya kitanda. Alhamisi asubuhi nikiwa napiga mswaki nikagusa jino la mbele, likacheza. La pembeni yake nalo likacheza. Ladha ya msumari ilikuwa palepale, midomo imebabuka zaidi. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikafanya hesabu. Kama sumu inatoka kwenye sufuria ya Mama, na sufuria ya Mama sijaigusa wiki tatu, inatoka wapi?

Nikachukua simu nikapiga picha za mdomo wangu kila upande, nikapanda hadi kwenye kilima cha shule ambako mtandao unashika, maana nyumbani unapita ujumbe mfupi tu, nikamtumia daktari wa Goma.

Jana jioni akanijibu kwa sauti, jumbe tatu ndefu. Nimezisikiliza mara tano. Anasema waya ule unaendelea kuvuta hata kama hakuna anayeukaza, na meno yanapovutwa yanalegea kidogo, ila yangu yameachwa bila kuangaliwa muda mrefu mno na anaogopa mizizi imefupika, atajua akipiga picha ya eksirei. Ufizi umevimba kwa sababu chakula kinajificha nyuma ya vyuma. Madoa meupe ni jino linapoteza ugumu wake kwa sababu hiyohiyo. Kuhusu ladha, muwasho na midomo akaniuliza kama nimewahi kuwashwa na saa au hereni. Nimewahi. Saa aliyonipa Gratien wakati wa uchumba niliivua baada ya wiki mbili, mkono ulitoa vipele. Akasema basi ni nikeli, chuma kilichomo ndani ya ule waya, kuna watu mwili unaikataa. Na kukonda? Akauliza ninatafuna nini. Sitafuni kitu. Miezi mingi sasa ninameza.

Mwisho akasema, bila ukali, kwamba haya yote yalikuwa kwenye karatasi niliyotia sahihi siku ya kwanza.

Mimi ninayeshuku hata salamu, karatasi ile sikuisoma. Siku ile nilikuwa nashuku sindano.

Nikiri na hili. Jambo la kwanza nililofikiria baada ya kumsikiliza ni kwamba labda anajitetea, anaogopa nitamdai. Hata hapo akili yangu ilitafuta mlango wa kutokea. Nilipolala na kuamka na kuisikiliza tena, sikupata mlango.

Asubuhi hii nilienda chumbani kwa Mama. Alikuwa anakunja vitenge vyake anaviweka kwenye gunia. Nilikaa chini, si kwenye kiti. Nilimchezea sauti ya daktari, na pale alipoingiza Kifaransa nikamfafanulia. Kisha nikamwambia kwamba ni mimi niliyesema. Nilidhani ninamletea habari.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Ni nani mwingine anakulaka kwangu?"

Hakuacha kukunja. Nikalia, na kulia kwa mdomo huu kunauma, lakini nililia. Nikamwambia kilichonitia hofu zaidi ya vidonda ni kwamba aliacha kunionjea. Hapo ndipo mikono yake iliposimama. Aliniangalia kama vile nimesema Kichina.

"Mugeni njo tunaonjeaka," akasema, yaani mgeni ndiye anayeonjewa. "Mutoto wa nyumba, muntu anamuonjea juu ya nini? Nilikuonjea kwanza, kisha nikaacha. Nikasema, huyu sasa iko wetu."

Nimeandika maneno yake yote nisije nikayabadilisha baadaye ili yanipunguzie aibu.

Viazi vya kuponda, akaniambia, alivipika mbali kwa sababu vyake vina pilipili na aliona ninavyofumba macho nikimeza. Hakutaka kuniambia, kwa kuwa tangu ile siku alipowachekesha majirani aliona ninanuna akitaja mdomo wangu. Kwa hiyo alinyamaza akapika, na mimi nikanyamaza nikatazama mikono yake.

Akaomba simu aone zile picha. Aliweka kidole kwenye jino lililolegea, pale kwenye kioo.

"Itaanguka?"

Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye gunia. Nilimwomba asiende. Alinijibu kwa upole, na huo upole ulinimaliza. Akasema hata akibaki, maziwa yake atamuuzia nani, na kisimani atasimama na nani. Ameshazeeka, hataki siku moja vijana waje wasiangalie tu.

Nikatoka kwenye mvua hadi kilimani nikampigia Gratien. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyofundisha: waya, nikeli, mizizi, sufuria yangu ya chini ya kitanda. Alisikiliza hadi mwisho.

"Muganga anajua meno," akasema. "Ya sumu, hajue."

Nikaanza upya. Akanikatiza.

"Mama iko hapo pembeni yako? Njo yeye anakuambia useme hivi?"

Nilikuwa peke yangu mlimani, nimelowa hadi kwenye mifupa. Nilimwapia. Alisema sawa, kwa sauti ile ninayotumia mimi nikimwambia mtu sawa huku simwamini. Nimemfundisha vizuri.

Nikapita kwa Espérance. Nilidhani yeye, kwa kuwa tulianza pamoja, tutamaliza pamoja. Alinisikiliza amesimama mlangoni na hakunikaribisha ndani. Akasema mimi ni rafiki yake, kwa hiyo ataniambia wazi: nikianza kuzunguka kijijini nikisema nilikosea, watu watasema Mama amenilisha kitu cha kunilainisha moyo. Watasema ana nguvu kuliko walivyodhani. Nilipomtazama usoni niliona kwamba hawatakuwa watu tu. Yeye mwenyewe alishaanza kusema.

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mwezi mzima nimekuwa na ushahidi wa kila upande, na kila kitu Mama alichofanya kilikuwa ushahidi. Alipika, ushahidi. Alinyamaza, ushahidi. Sasa mimi nikimtetea, nao ni ushahidi. Mambo haya niliyajenga mwenyewe na sikuacha pa kutokea, si kwake wala kwangu.

Nimekaa na hili tangu saa tano. Nimejaribu kila sentensi. "Nilikosea" haifai. "Daktari amesema" haifai, daktari yuko Goma na hapa hakuna aliyemwona. Nikionyesha picha za meno yangu watasema tazameni alivyomharibu.

Kuna sentensi moja tu ambayo watu wa hapa wataiamini bila kuniuliza mara mbili. Nayo si kweli.

"Nilidanganya."

Kwamba sikuwahi kuogopa sumu. Kwamba nilimchukia mama mkwe kwa sababu alinicheka mbele ya majirani kwa ajili ya vyuma vyangu, nikatafuta njia ya kumwondoa nibaki na nyumba. Watu wote wanaikumbuka ile siku, wote walicheka. Mke wa mtu, mgeni kutoka Walikale, mwalimu, anayejiona na waya wake wa Goma. Wataimeza mara moja. Kitu kibaya juu yangu hakitahitaji karatasi wala daktari.

Najua kitakachofuata. Wanafunzi watakuwa na jina jipya la kuniita na halitakuwa la waya. Mkuu wa shule ataniita ofisini. Wazazi watauliza kama mwongo anafaa kusimama mbele ya watoto wao. Gratien atajua kwamba mke wake alimzushia mama yake, na kuanzia kesho akiniuliza habari za nyumbani nitasikia kwenye sauti yake kwamba anapima kila neno. Nitaishi na mtu anayenitazama mikono. Naogopa hilo kuliko meno yote kudondoka.

Mama sijamwambia. Nikimwambia atanikataza, tena atakwenda kwa baba mdogo kuniharibia.

Nimemwandikia katekista ujumbe nikimwomba dakika mbili kesho baada ya misa, kwenye matangazo. Ameniuliza ni tangazo la nini. Nimemjibu ni la familia. Amesema sawa, baada ya zamu za usafi wa kanisa.

Chaji imebaki asilimia nne. Mvua bado. Upande wa pili wa ukuta namsikia Mama anaburuta gunia lake kulisogeza karibu na mlango, anapumzika, analiburuta tena.

Kesho nitasimama mbele ya watu wote nidanganye kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa. Naomba waniamini.